Sumaku Kali au Kadi Tulivu? Ulinganisho wa Njia Zilizojaribiwa za Kuboresha Dira ya Baharini

Mwenye chombo anayetafuta dira leo hukabiliwa na maswali mawili yaliyowashughulisha wanasayansi na mabaharia kwa zaidi ya karne moja na nusu. La kwanza ni kama kadi ya dira, yaani duara lenye alama za mielekeo linalozunguka pamoja na sindano, izunguke katika hewa tupu, yaani dira kavu, au ielee ndani ya kimiminika. La pili ni namna ya kukishughulikia chuma kilichomo chomboni, ambacho huivuta sindano pembeni bila mshika usukani kujua. Wauzaji wengi hulijibu la kwanza kwa kutaja bei, na la pili hawaligusi kabisa. Yafaa basi kuyarejea majaribio yenyewe, hasa yale yaliyofanywa Uingereza kuanzia miaka ya 1740 hadi mwanzoni mwa karne ya 20, kwa kuwa takriban kila njia inayopatikana madukani sasa ilijaribiwa wakati huo, ikasifiwa, ikalaumiwa, na mara nyingine ikagharimu maisha.

Kabla ya kulinganisha, mambo mawili yatenganishwe. Sindano haielekei kaskazini ya kweli bali kaskazini ya sumaku, na pembe iliyo kati ya hizo mbili hubadilika kutoka mahali hadi mahali na mwaka hadi mwaka. Hiyo ndiyo tofauti ya sumaku, nayo huandikwa katika ramani za bahari. Edmond Halley aliipima katika Atlantiki akiwa na meli iitwayo Paramore kati ya 1698 na 1700, na ramani aliyoitoa mwaka 1701 iliunganisha kwa mistari mahali ambapo pembe hiyo ni sawa. Dira iwe nzuri au mbovu, tofauti hiyo haibadiliki. Mkengeuko ni jambo jingine. Huo ni upotofu unaoletwa na chuma cha chombo chenyewe, na hubadilika kila omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, inapogeuzwa. Hakuna ramani inayoweza kuuonyesha, maana kila chombo kina wake. Ulinganisho huu unahusu ubora wa dira yenyewe na njia za kuushinda mkengeuko, na tofauti ya sumaku tunaiachia ramani.

Dira ya kawaida na dira ya Knight

Katikati ya karne ya 18 dira iliyofungwa katika meli nyingi za Uingereza ilikuwa kifaa cha bei rahisi. Chini ya kadi ya karatasi zilibandikwa nyaya mbili za chuma zilizokunjwa katikati, zikatanuka na kukutana tena kwenye ncha za kaskazini na kusini. Mwezi Januari 1749 radi iliipiga meli ya biashara Dover ikiwa njiani kuelekea London, na nahodha wake, Waddell, akaona dira zake hazifai tena kwa lolote. Dira mojawapo ilifikishwa kwa Gowin Knight, tabibu aliyekuwa amekwisha kupata sifa, pamoja na nishani ya Copley ya mwaka 1747, kwa ustadi wake wa kutengeneza sumaku kali za feleji. Knight hakuishia kwenye madhara ya radi. Alipoichunguza dira hiyo na nyingine za aina yake aligundua kwamba ubovu ulikuwamo tangu zilipotengenezwa: nyaya zilizokunjwa zilikuwa na ncha za sumaku zaidi ya mbili, kwa hiyo hazikuelekea pale kadi iliposema, chuma chake kilikuwa laini na hakikuweza kuushika usumaku kwa muda mrefu, tena sanduku lenyewe lilikuwa limepigiliwa misumari ya chuma.

Badala yake Knight alitumia kipande kimoja cha feleji ngumu, bapa na nyoofu, kilichotiwa usumaku kwa nguvu zote alizoweza, akakikalisha juu ya ncha kali iliyoweza kubadilishwa ikichakaa, na akaondoa chuma katika sanduku na bakuli. John Smeaton, ambaye baadaye alijenga mnara wa taa wa Eddystone, aliongeza maboresho katika dira ya kupimia pembe ya jua, na maelezo ya kazi yao yakafikishwa Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, mwaka 1750. Kuanzia mwaka 1752 jeshi la wanamaji la Uingereza likaanza kuzipa meli zake za safari za mbali dira za Knight, ambazo zilikuwa ghali kuliko zile za zamani kwa kiasi cha kuonekana.

Mtu akiziweka dira hizo mbili juu ya meza atachagua ya Knight bila kusita, na hapo ndipo alipo mtego. James Cook, aliyesafiri na dira za Knight katika Endeavour kuanzia 1768 hadi 1771, alilalamika kuwa dira ya kupimia ilikuwa tata mno kuweza kutumika baharini siku zote, na kwamba ya usukani ilikuwa nyepesi mno wa kuchezacheza katika vyombo vidogo. Sababu yake haikueleweka vizuri wakati huo lakini ni ya kimaumbile. Sindano yenye nguvu nyingi hurudi mahali pake kwa haraka, ikapitiliza, ikarudi tena. Mwendo wake wa kwenda na kurudi ukikaribiana na mwendo wa chombo kinapoyumba, mawimbi huuongezea nguvu kila mara badala ya kuuzima. Zaidi ya hayo, sindano moja ndefu huifanya kadi iwe na uzito mwingi katika mstari wa kaskazini na kusini kuliko katika mstari wa mashariki na magharibi, na kutolingana huko kunatosha kuizungusha kadi kila chombo kinapoinama. Ncha kali isiyo na msuguano nayo haikuwa na kitu cha kuutuliza mchezo huo. Dira mbovu ya zamani, iliyokalia ncha butu, ilionekana tulivu kwa sababu ya uvivu tu: ilikaa kimya hata pale chombo kilipokuwa kimekwisha geuka.

Kwa hiyo, kati ya hizo mbili, ya Knight ilifaa kwa vipimo vya nchi kavu na bandarini, na kwa mshika usukani hakuna iliyomtosheleza. Funzo lililochukua miaka mingine 100 na zaidi kukubalika ni kwamba nguvu ya sumaku pekee haifanyi dira kuwa nzuri. Nalisisitiza hili kwa sababu matangazo ya leo bado yanaisifu sumaku kana kwamba ndiyo dira yote.

Dira ya kiwango ya mwaka 1840

Mapendekezo ya watengenezaji hayakukoma baada ya Knight, lakini hali ya ghala za jeshi la wanamaji haikuwa ya kujivunia. Mwaka 1820 Peter Barlow, mwalimu wa hesabu katika chuo cha kijeshi cha Woolwich, alizikagua dira zilizohifadhiwa na kutoa hukumu kwamba zaidi ya nusu yake zilikuwa takataka tupu. Hata hivyo kamati ya kushughulikia suala hilo iliundwa mwaka 1837 tu, ikiwa na watu kama Francis Beaufort, James Clark Ross, Edward Sabine na kapteni Edward Johnson. Matokeo yake, dira ya kiwango ya mwaka 1840, yanastahili kuangaliwa kwa makini kuliko yanavyotajwa kwa kawaida.

Badala ya sindano moja, kadi hii ilibeba nne zilizopangwa sambamba, kila moja ikiwa imeundwa kwa mabamba membamba ya feleji yaliyowekwa pamoja. Mpango huo uliusawazisha uzito wa kadi katika pande zote, na hivyo ukaondoa kasoro mojawapo ya Knight. Kadi yenyewe iliimarishwa kwa ulanga ili isipinde kwa unyevu. Bakuli lilikuwa la shaba nyekundu nene, nalo halikuchaguliwa kwa uzuri wake: sumaku ikitembea karibu na shaba huzalisha ndani yake mikondo ya umeme inayopinga mwendo huo, kwa hiyo kadi hutulizwa bila kuguswa na kitu chochote. Tena kila dira ilipewa kadi ya pili iliyo nzito zaidi, ya kutumia bahari inapochafuka.

Ikilinganishwa na ya Knight, dira hii ilikuwa chombo cha kazi. Udhaifu wake ni kwamba sindano zake ndefu zenye nguvu zilifanya iwe vigumu kuisahihisha katika meli za chuma, jambo ambalo mwaka 1840 lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kuwaumiza watu vichwa. Kadi ya pili iliyo nzito nayo, ukiitazama kwa jicho kali, ni kukiri kwamba ya kwanza haikutosha.

Njia za kukishughulikia chuma cha chombo

Hapa ndipo penye uzito wa suala lote, na ndipo mnunuzi wa leo anapokosea mara nyingi zaidi.

Mtu wa kwanza kuuchunguza mkengeuko kwa utaratibu alikuwa Matthew Flinders. Akiipima pwani ya Australia kwa meli ya Investigator kati ya 1801 na 1803, aliona kwamba dira ileile ilitoa majibu tofauti omo ilipoelekezwa mashariki na ilipoelekezwa magharibi, na kwamba upande wa upotofu katika nusu ya kusini ya dunia ulikuwa kinyume cha ule wa kaskazini. Alikata kauli, kwa usahihi, kwamba chuma kilichosimama wima melini hupokea usumaku kutoka duniani. Alipokuwa njiani kurudi nyumbani Wafaransa walimzuia katika kisiwa cha Mauritius, akakaa huko hadi mwaka 1810. Taarifa yake ilichapishwa London mwaka 1805 angali kifungoni. Mwaka 1812 alifanya majaribio zaidi katika meli zilizokuwa bandarini Uingereza. Nguzo ya chuma laini inayosimamishwa mbele ya dira ili kuufuta upotofu wa aina hiyo inaitwa kwa jina lake hadi leo.

Barlow alifuata njia nyingine. Baada ya majaribio ya mipira ya chuma huko Woolwich aliona kwamba mvuto wa chuma hutegemea uso wake zaidi ya wingi wake, akabuni sahani ya chuma ya kuwekwa karibu na dira mahali ambapo ingeiga mvuto wa chuma chote cha meli. Baharia alisoma dira sahani ikiwa haipo, akaisoma tena ikiwa mahali pake, na tofauti ya visomo viwili ikamwambia mkengeuko ni kiasi gani. Ni wazo la akili sana, na katika meli za mbao zenye mizinga na nanga lilifanya kazi. Lakini sahani iliiga chuma laini tu. Meli nzima ilipoanza kujengwa kwa chuma, ambacho hupata usumaku wa kudumu kinapogongwa nyundo kwa miezi mingi kikiwa kimeelekea upande mmoja, sahani hiyo haikuwa na jibu.

Jibu lilitolewa mwaka 1838 na George Airy, mkuu wa kituo cha unajimu cha Greenwich, alipoletewa meli ya chuma iitwayo Rainbow huko Deptford na baadaye nyingine iitwayo Ironsides huko Liverpool. Airy aliizungusha meli hatua kwa hatua, akapima mkengeuko katika kila mwelekeo, akaugawa kihesabu katika sehemu mbili: ule unaotokana na usumaku wa kudumu, na ule unaotokana na chuma laini kinachobadilika kila meli inapogeuka. Wa kwanza aliufuta kwa sumaku zilizokazwa sitahani karibu na dira, na wa pili kwa masanduku ya minyororo ya chuma yaliyowekwa ubavuni pake. Wenye meli za biashara waliipokea njia hii kwa furaha, kwa sababu baada ya kazi ya siku moja au mbili nahodha aliweza kuisoma dira moja kwa moja bila kufanya hesabu yoyote.

Aliyempinga kwa ukali zaidi alikuwa William Scoresby, mvuvi wa nyangumi aliyegeuka kuwa kasisi na ambaye alikuwa ameshachunguza kwa miaka mingi jinsi kugonga na kukunja chuma kunavyobadilisha usumaku wake. Hoja yake ilikuwa kwamba meli mpya ni chuma ambacho hakijatulia. Mawimbi ya safari ya kwanza yataupunguza na kuugeuza usumaku ulioingizwa na nyundo za wajenzi, na sumaku za Airy, zilizopangwa kwa hali ya bandarini, zitabaki zikisahihisha kosa ambalo halipo tena. Januari 1854 meli mpya ya chuma Tayleur, iliyokuwa ikitoka Liverpool kwenda Melbourne na dira zilizosahihishwa, iligonga miamba ya kisiwa cha Lambay huko Ireland siku chache tu baada ya kung'oa nanga, na watu zaidi ya 300 wakafa. Dira hazikuwa sababu pekee, lakini zilikuwa miongoni mwa sababu, na mabishano kati ya wawili hao yakahamia magazetini. Mwaka 1856 Scoresby, akiwa na umri wa miaka 66, alisafiri katika Royal Charter hadi Australia na kurudi ili kuithibitisha hoja yake, akaona kweli kwamba usumaku wa meli ulibadilika ilipoingia nusu ya kusini. Pendekezo lake lilikuwa dira ya ziada iwekwe juu mlingotini, mbali na chuma, iwe ndiyo ya kulinganishia.

Jeshi la wanamaji lilishika njia ya nne. Halikuziamini sumaku za kusahihisha, likapendelea dira ya kiwango iwekwe mahali palipochaguliwa kwa uangalifu, meli izungushwe mara kwa mara, na mkengeuko wa kila mwelekeo uandikwe katika jedwali. Archibald Smith, mwanasheria mwenye kipaji cha hesabu, ndiye aliyeziweka kanuni za jedwali hilo, na kitabu cha mwongozo alichokiandika pamoja na Frederick Evans kilitolewa mwaka 1862.

Zikilinganishwa kwa mtumiaji, njia hizi hazikosani kama wenyewe walivyokosana. Dira ya mlingotini husema kweli zaidi, lakini huko juu mayumbo huwa makubwa mno, na mtu hupanda kuisoma usiku wa dhoruba kwa shida. Hiyo ni njia ya kuhakikisha, siyo ya kuongozea chombo. Jedwali peke yake ni la uaminifu, kwa maana halifichi kitu, ila mkengeuko ukiwa mkubwa kuna mielekeo ambayo nguvu ya sindano hupungua hadi kadi ikawa inazubaa, na hakuna hesabu inayoweza kuirudishia nguvu hiyo. Sumaku za Airy hurudisha nguvu sawa katika pande zote, lakini humpa nahodha imani ambayo chuma hakijaistahili. Kwa maoni yangu Airy alikuwa sahihi kuhusu dawa na Scoresby kuhusu ugonjwa. Kwa vitendo, msimamo uliokuja kushinda ni wa kusahihisha kwanza kwa sumaku na chuma laini, kisha kuzungusha chombo na kuandika jedwali la mabaki, na kuurudia upimaji huo kila mara.

Kadi kavu ya Kelvin na kadi inayoelea

William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alipata hataza ya dira yake mwaka 1876 baada ya kuijaribu katika mashua yake mwenyewe, Lalla Rookh. Alifanya kinyume kabisa na Knight. Kadi yake yenye upana wa inchi 10, yaani sentimita 25 hivi, ilikuwa na uzito wa gramu 11 tu. Sindano zake 8 zilikuwa fupi na nyembamba, zikaning'inizwa kwa nyuzi za hariri kama vidato vya ngazi ya kamba, na uzito mwingi uliobaki ukawekwa katika ukingo wa alumini. Kwa kuwa sumaku ni dhaifu na uzito uko mbali na kitovu, kadi huchukua muda mrefu kwenda na kurudi, muda mrefu kuliko mwendo wa kuyumba kwa meli, na kwa hiyo mawimbi hayawezi kuichochea. Kwa kuwa kadi ni nyepesi mno, ncha haichakai upesi na msuguano ni mdogo. Na kwa kuwa sindano ni fupi, njia ya Airy ilianza kufanya kazi kwa ukamilifu: kabati la dira la Kelvin lilikuja na mipira miwili ya chuma laini pembeni, sumaku za kuhamishika ndani, na nguzo ya Flinders mbele. Hapo udhaifu wa sumaku ukawa ndio ubora wa dira, jambo ambalo Knight asingelikubali.

Mwaka 1882 dira ya Kelvin iliyokuwa katika manowari Inflexible, chini ya kapteni John Fisher, ilivumilia mizinga mikubwa wakati wa kupigwa kwa Alexandria, na mwaka 1889 jeshi la wanamaji likaifanya kuwa dira yake rasmi.

Upande wa pili, wazo la kuielesha sindano ndani ya kimiminika lilikuwa la zamani zaidi. Jan Ingenhousz, tabibu wa Kiholanzi, aliliandikia Royal Society mwaka 1779, na mwaka 1813 Francis Crow wa Faversham, huko Kent, akapata hataza ya dira iliyojazwa kimiminika. Kimiminika hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Huibeba kadi kwa msaada wa boya dogo, hivyo karibu uzito wote huondoka kwenye ncha hata kadi ikiwa imara na yenye sumaku nzuri. Tena huuzima kila mtikisiko kabla haujageuka kuwa mzunguko. Jeshi la wanamaji la Uingereza liliziona dira hizi kuwa za mashua tu. Huko Marekani Edward Ritchie wa Boston alipata hataza ya dira yake ya kimiminika mwaka 1862, na wanamaji wa nchi hiyo wakaitumia melini wakati Waingereza wakiendelea kuitafuta kadi kavu iliyo kamili. Nadhani uzito wa jina la Kelvin ulichelewesha mambo. Si rahisi kumwambia mwanasayansi mashuhuri kuliko wote nchini kwamba kifaa chake kizuri hakifai katika boti ya torpedo.

Lakini hakikufaa. Injini zenye kasi na mizinga inayofyatuka mfululizo zilitoa mitetemo ya haraka ambayo kadi ya gramu 11 haikuweza kuistahimili. Iliruka juu ya ncha yake na kuzungukazunguka. Mwaka 1906 kapteni Chetwynd aliitatua kasoro kubwa ya dira ya kimiminika, yaani tabia ya maji kuzunguka pamoja na bakuli chombo kinapogeuka na kuiburura kadi, kwa kuipunguza kadi upana ili ukingo wake uwe mbali na ukuta wa bakuli. Mwaka 1908 dira ya kimiminika ikachukua nafasi ya Kelvin katika manowari za Uingereza, ingawa meli za biashara, zenye mwendo wa polepole na mitetemo michache, ziliendelea kuishi vizuri na kadi kavu kwa miongo kadhaa.

Kadi kavu, kwa upande wake, ina faida ambayo haipaswi kudharauliwa: baharia anaweza kuifungua, kubadilisha ncha, kufunga upya uzi wa hariri na kuendelea na safari. Dira ya kimiminika ikivuja baharini, kiputo cha hewa huingia na kuisumbua kadi, rangi ya kadi huweza kuchujuka kwa miaka, na ukarabati wake ni wa fundi mwenye vifaa.

Uchaguzi kwa aina ya chombo

Kwa boti ya faiba yenye injini ya nje hakuna cha kujadili: chukua dira ya kimiminika. Mitetemo ya injini hiyo ni ileile iliyoishinda kadi ya Kelvin. Shida ya boti hizi ni nafasi, kwa kuwa dira hufungwa karibu na spika za redio, simu, betri na nyaya za umeme. Hapo mkengeuko mkubwa waweza kuzaliwa katika chombo kisicho na kilo tano za chuma. Kabla ya kutoboa matundu ya skrubu, shikilia dira mahali palipokusudiwa, washa kila kitu, uangalie kama kadi inasogea. Ikisogea, tafuta mahali pengine badala ya kununua sumaku za kusahihishia.

Kwa jahazi au mashua ya mbao inayotegemea tanga, dira kavu iliyo nzuri ingetosha, na kama nahodha tayari anayo ya Kelvin iliyotunzwa vizuri sioni sababu ya kuitupa. Akinunua mpya, ya kimiminika ni rahisi kupatikana na haihitaji kabati kubwa. Mkengeuko katika chombo cha namna hii huwa mdogo, na jedwali la jeshi la wanamaji, lililoandikwa kwa kuzungusha chombo karibu na alama mbili za nchi kavu zilizomo katika ramani, linatosha bila sumaku yoyote. Nanga na minyororo iwekwe mahali palepale kila safari, la sivyo jedwali halina maana.

Kwa chombo cha chuma, dira ya kimiminika ifungwe pamoja na kabati kamili, yaani mipira, sumaku za kuhamishika na nguzo ya Flinders, na isahihishwe na fundi anayelijua hilo. Kwa vyombo vya pwani yetu nguzo hiyo ina umuhimu wa pekee. Ikweta ya sumaku haifuati ikweta ya kawaida; katika eneo letu hupita kaskazini zaidi, juu ya Pembe ya Afrika. Chombo kinachotoka Mombasa au Zanzibar kwenda Salalah au Muscat kinaivuka, na usumaku wa chuma kilichosimama wima hupungua, hutoweka, kisha hurudi ukiwa umegeuka upande, kama Flinders alivyoona. Dira iliyosahihishwa Mombasa kwa sumaku peke yake itakuwa na kosa jipya Oman, hata kama hakuna kilichoguswa chomboni. Chombo kipya au kilichotoka chelezoni baada ya kuchomelewa mabamba kipimwe upya baada ya safari ya kwanza, kwa sababu aliyoieleza Scoresby. Kuwa na dira ya jiroskopu, isiyotegemea sumaku na iliyoanza kutumika melini mwaka 1908 kwa kazi ya Anschütz wa Ujerumani, au kifaa cha setilaiti, hakuiondoi haja hii. Mkataba wa kimataifa wa SOLAS, unaohusu usalama wa maisha baharini, bado unazidai meli ziwe na dira ya sumaku iliyosahihishwa.

Jaribio la dukani ni fupi na halihitaji kumwamini muuzaji. Weka dira mezani, subiri itulie, usome. Isogeze kadi nyuzi 10 hivi kwa kuikaribishia kitu cha chuma, kisha ondoa chuma hicho mbali kwa ghafla. Kadi irudi palepale ilipokuwa. Ikisimama pungufu, ncha imechakaa. Ikipitiliza na kurudi mara nyingi, kimiminika ni chepesi mno au kimepungua. Kisha zungusha bakuli kwa haraka robo duara na uangalie kama kadi inaburutwa.

Jambo la mwisho la kuuliza ni kadi ilisawazishwa kwa ajili ya sehemu gani ya dunia. Kutoka Kenya kwenda kusini, ncha ya kusini ya sindano ndiyo inayovutwa chini, kinyume na Ulaya, na watengenezaji huweka uzito mdogo upande mmoja wa kadi ili kuifidia hali hiyo. Dira iliyosawazishwa kwa Bahari ya Kaskazini ikiletwa Dar es Salaam huinama, na katika bakuli dogo ukingo wa kadi waweza kugusa kioo. Muuzaji asiyejua jibu la swali hilo, mwombe akuruhusu uitazame kadi ikiwa imetulia, kwa usawa wa macho, kabla ya kulipa.